Plagini ya Kulipia: Mwaka wa Pili Atalipa Nani?

Wafanyakazi wa mashirika mlio humu ndani, leo nitawagusa kidogo, na nimeona ni heshima niwaguse mkiwa mnasoma kuliko kusema pembeni.

Mmesikia kwamba tovuti yetu ya vijana inataka kununuliwa plagini ya lugha. Kwa asiyejua: tovuti yetu inaendeshwa na WordPress, mfumo wa bure uliopo tangu 2003, unaokuwezesha kuandika na kuchapisha bila kuwa mtaalamu wa kompyuta. Plagini ni kipande cha programu unachoongeza juu yake ili ifanye kitu ambacho yenyewe haikuja nacho. Ziko za bure, ziko za kulipia kila mwaka. Hii iliyopendekezwa inaitwa WPML, mpango wao unaoitwa CMS, na bei niliyoiona ni euro 99 kwa mwaka. Piga hesabu yako, ni kama shilingi 14,000 za Kenya. Shirika moja limesema litalipa. Watu wameshaweka makofi na dole gumba kwenye kundi, mambo yamekwisha.

Mimi napinga. Na mwenye jibu anijibu hapa hapa mbele ya watu, asinifuate pembeni kwa meseji.

Sisemi plagini yenyewe ni mbaya. Nimeisoma, nimeangalia video zake kwa bando langu mwenyewe. Inagawa kazi kwa watafsiri, huyu ukurasa huu na yule ukurasa ule. Inakuonyesha tafsiri ipi imepitwa baada ya ukurasa wa kwanza kubadilishwa. Inashikana vizuri na programu nyingine za kupangilia kurasa. Kama ningekuwa na kampuni ya utalii Mombasa, ningenunua leo kabla ya chakula cha mchana. Wala sisemi waliotengeneza wasilipwe, wanaoandika programu nao wana watoto.

Ninachopinga ni vile tunavyoipima. Mkutano wa juzi watu waliuliza inafanya nini, ikajibiwa, wakafurahi. Hakuna aliyeuliza mwaka ukiisha tunabaki na nini. Hakuna aliyeuliza ufunguo utakaa kwa nani. Kwani tukinunua baiskeli tunauliza rangi tu?

Hebu tuelewane kwanza unalipia nini. WordPress iko chini ya leseni huru inayoitwa GPL, na plagini nyingi za kulipia nazo ziko chini ya leseni hiyo hiyo, WPML ikiwemo. Kwa hiyo pesa unayotoa, hasa hasa, ni ya ufunguo: kupata matoleo mapya na kupata mtu wa kukusaidia, kwa mwaka mmoja. Mwaka ukiisha plagini haizimiki. Inaendelea kufanya kazi pale ilipo, ila matoleo mapya haipokei tena. Wengine wakisikia hivyo wanasema basi shida iko wapi. Shida ni kwamba vitu vingine vyote havisimami kuisubiri. WordPress inatoa matoleo mapya kila mwaka. Mwenye seva naye anapandisha PHP, ile lugha ya kompyuta ambayo WordPress imeandikwa nayo, na hakuulizi wewe. Plagini yako imebaki nyuma kama abiria aliyekosa gari la Lodwar. Siku moja unafungua tovuti unakuta ukurasa mweupe. Ama mbaya zaidi, huoni kitu chochote kibaya, lakini kuna tundu la usalama ambalo wenzako waliolipa walishaziba, na wewe lako liko wazi.

Wale mliokuwepo mnaikumbuka tovuti yetu ya kwanza. Aliletwa mshauri, akaweka plagini ya kulipia ya kupangilia kurasa, jina lake silitaji, la shirika pia silitaji. Ilipendeza kweli, tusidanganyane. Akaunti ilifunguliwa kwa barua pepe yake. Mradi ukaisha, mshauri akaenda zake, leseni nayo ikaisha. Ikafika wakati ile plagini inaangusha tovuti nzima, ikabidi izimwe. Ilipozimwa, kurasa zote zikajaa mabano ya mraba na maneno ya ajabu, upana kiasi gani, rangi gani, nguzo ngapi, na hadithi za watu zimenasa katikati kama samaki kwenye wavu. Dada mmoja aliyeandika safari yake kutoka Fizi mpaka hapa alikuta habari ya mama yake imekatwa mara nne na mabano. Tulisafisha kwa mkono wiki tatu, ukurasa kwa ukurasa, kwa simu. Kuna maandishi mengine hayakupona, yako wapi sijui.

Na yule mshauri alipoandikiwa hakujibu. Simlaumu sana, mkataba wake ulikuwa umekwisha. Lakini ndiyo maana nasema barua pepe yenye akaunti ni jambo kubwa kuliko bei.

Sasa mtu ananiambia, "Kaka, wewe una wasiwasi bure, shirika litalipa tena mwaka ujao." Litalipa? Ndugu zangu, mwaka 2025 tuliona wote fedha za misaada zilivyokatwa duniani, na mgao wa chakula hapa Kakuma ulivyopungua. Kama mahindi yenyewe yanaweza kukatwa, leseni ya tovuti ya vijana itasimama kwenye mstari namba ngapi? Sisemi kwa uchungu. Nasema tu kwamba mtu akipewa kitu cha kulipiwa kila mwaka na mtu mwingine, amepewa pia tarehe ya kukipoteza. Na sisi wenyewe hatuwezi kukilipia kirahisi. Wanataka kadi ya benki ama PayPal. Kenya kuna ile kadi ya Visa ndani ya M-Pesa tangu 2022, sawa, lakini wapo kati yetu ambao laini yao imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine kwa sababu ya karatasi. Kwa hiyo hata siku tukiwa na hizo elfu kumi na nne mkononi, tutaanza kutafuta nani atukopeshe jina.

Tukitaka kuipima kweli, jaribio ni moja na halihitaji shahada. Chukua nakala ya tovuti, weka plagini kwenye hiyo nakala, tafsiri kurasa tano, halafu izime. Angalia kilichobaki.

Nimefanya hilo jaribio kwa zile ambazo nimeweza kuzipata, na kwa WPML nimesoma maelezo yao, na matokeo hayafanani hata kidogo. WPML inaweka kila tafsiri kama ukurasa kamili wa WordPress unaojitegemea. Ukiizima, kurasa zote za Kirundi na za Kifaransa bado zipo, ila zimechanganyika, kamba iliyozifunga pamoja imekatika. Hiyo ni alama nzuri kwa WPML na naitoa bila kinyongo. Polylang inafanya hivyo hivyo. TranslatePress ni tofauti: tafsiri zinakaa kwenye majedwali yake yenyewe, kwa hiyo ukiizima tovuti inarudi lugha moja na kazi ya watafsiri haionekani tena mpaka uiwashe. Na toleo lake la bure linakupa lugha moja tu ya kuongeza, kwetu sisi hiyo imeshashindwa mlangoni.

Na msinisikie vibaya, cha bure nacho kinakufa. Zamani kulikuwa na plagini ya bure inaitwa qTranslate, ilitumika sana. Yenyewe ilibandika lugha zote ndani ya ukurasa mmoja na kuzitenganisha kwa alama. Mwenye kuitengeneza akaiacha, wengine wakaichukua, nayo ikaachwa, na watu wakabaki na Kiingereza na Kifaransa vimepikwa sufuria moja. Kwa hiyo sitetei cha bure kwa sababu ni cha bure. Kwenye orodha ya WordPress kila plagini ya bure ina tarehe ya mwisho ilipoguswa, toleo la WordPress ilikojaribiwa, tovuti ngapi zinaitumia, na maswali ya watu kama yanajibiwa. Ukikuta imeguswa mara ya mwisho miaka miwili iliyopita, pita mbali.

Polylang ya bure iko hai, na inatosha kazi yetu. Unaandika habari kwa Kiswahili, pembeni unaona lugha nyingine na alama ya kujumlisha. Unabonyeza kujumlisha chini ya Kirundi, ukurasa mtupu unafunguka, unaandika tafsiri, unahifadhi, alama inageuka kuwa penseli. Basi, ndiyo kazi yenyewe. Lugha ambayo haiko kwenye orodha yake unaiongeza mwenyewe kwa jina na herufi zake, Kirundi ni rn, na Kiarabu unachagua kiandikwe kutoka kulia kwenda kushoto. Hakuna kikomo cha lugha. Toleo lake la kulipia lipo, lina mambo mazuri, hatuyahitaji.

Hapa niingize jambo moja la bendera, samahani natoka njia kidogo. Plagini hizi zote zinapenda kuweka bendera ya nchi kama kitufe cha lugha. Kiswahili uweke ya nani? Tanzania? Kenya? Mkongomani atanuna. Na Kirundi ukiweka bendera ya Burundi, yuko kaka hapa aliyeikimbia serikali yenye hiyo bendera, na wewe unamwambia abonyeze hapo ndipo asome habari. Tuandike majina ya lugha kwa maneno, bendera tuzitoe. Polylang inaruhusu. Hili mkutano haukuligusa kabisa, na mimi naliona kubwa kuliko rangi ya kichwa cha ukurasa tuliyobishania saa nzima.

Turudi. Kitu kilichowavutia wengi ni tafsiri ya mashine. Mpango ule wa euro 99 unakuja na pointi, mashine inatafsiri kwa pointi, zikiisha unanunua nyingine. "Hatutamsumbua mtu tena," mmoja alisema. Hiyo sentensi iliniuma, na ndiyo imenifanya niandike.

Tazama tovuti yetu ina nini. Ina hadithi, ndiyo, lakini watu wengi wanaingia kwa sababu ya matangazo. Nafasi za masomo za DAFI, zile za WUSC za kwenda Canada, tarehe za mwisho, karatasi gani zinatakiwa, onyo la matapeli wanaouza fomu wakati huduma za UNHCR ni bure. Mtu akikosea neno moja pale, mtu mwingine anapoteza mwaka. Chukua neno la Kiingereza protection. Mashine ikiliandika "ulinzi", haijakosea kamusi. Lakini mama aliyetoka Uvira akisoma "nenda dawati la ulinzi" anawaza askari wa getini. Haendi. Alikuwa na jambo zito la kueleza, amekaa nalo nyumbani. Ama yale maneno matatu ya kuhama: kuhamishiwa nchi ya tatu, kuhamishwa kambi, kurudi nyumbani kwa hiari. Yakichanganyika kwenye tangazo moja tu, kesho yake block nzima haijalala. Sisi tunayajua haya maneno kwa ngozi. Wapo hapa vijana wanaotafsiri lugha nne kliniki asubuhi na shuleni mchana. Wengine ni wa insentivu, wengine hata insentivu hawana, wanapewa asante na soda.

Kwa hiyo mashine ilipwe pointi, na mtafsiri apewe asante?

Nimepiga hesabu. Tuna watafsiri sita wa kujitolea. Zile shilingi 14,000 ukizigawa kwa watu sita kwa miezi kumi na miwili, kila mmoja anapata kama shilingi 194 kwa mwezi. Ni kidogo, najua, usinicheke. Lakini ni bando. Ni mtu kufungua tovuti kwa simu yake bila kuomba mtandao kwa jirani, kusahihisha tangazo usiku huo huo lilipotoka. Leo hii tangazo la Kirundi linachelewa siku tatu, na sababu tunaijua: anayelitafsiri hana bando mpaka Ijumaa. Plagini gani itatibu hiyo?

Wafanyakazi wa mashirika, sasa zamu yenu, na naomba mnivumilie. Najua kwa nini leseni inapitishwa haraka kuliko bando. Leseni ina risiti moja, safi, kutoka ng'ambo, unaiambatisha kwenye ripoti na kuandika "tovuti imeboreshwa, lugha tano". Bando la vijana sita ni orodha, saini, namba za simu, na mhasibu anayeuliza kama walitumia kuangalia mpira. Ni kazi, sikatai. Lakini msituletee kitu ambacho ni rahisi kwenye ripoti yenu halafu mtuambie ni hitaji letu. Tuulizeni kwanza. Tungewaambia bando.

Kuna hoja moja yenu ambayo naikubali. Mlisema cha bure kikiharibika hakuna wa kumpigia. Ni kweli, kwenye cha kulipia unaandika tatizo na mtu analazimika kukujibu. Hiyo ina thamani, hasa tovuti ikianguka siku ya tarehe ya mwisho ya maombi. Lakini angalieni msaada huo unafikaje kwetu. Unaandikwa kwa Kiingereza cha kiufundi, mtu anaomba aingie ndani ya tovuti yako, anakwambia zima plagini moja moja uone. Wanaoweza hiyo mazungumzo hapa ni wawili, na mmoja wao anasubiri safari. Kama pesa ipo ya kununua msaada, funzeni wengine wanne wajue kuchukua nakala ya tovuti, kuirudisha, na kuzima plagini kwa mpangilio. Huo msaada hauishi baada ya miezi kumi na miwili.

Na kuna wenzetu waliosema, "Basi tusinunue, tuipakue tu bure kule inakogawiwa." Hapana. Hapa sitabembeleza mtu. Mwaka 2019 kampuni ya usalama ya Wordfence ilieleza kirusi kinachoitwa WP-VCD, kilichokuwa kikisambaa hasa kwa njia hiyo hiyo, plagini na mapambo ya kulipia yaliyoibwa na kugawiwa bure. Unaweka mwenyewe kwa mkono wako, nacho kinamfungulia mwenye nacho mlango wa nyuma. Ndani ya tovuti yetu kuna fomu. Kuna majina, kuna namba za simu, kuna watu walioandika wametoka kijiji gani na nani alikuwa anawatafuta. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, lakini acha sheria kwanza. Kuna mtu hapa ambaye jina lake likijulikana liko wapi, si suala la tovuti tena. Nikimwona yeyote anaweka faili la namna hiyo nitamwondoa kwenye tovuti, na nitasema hapa kwamba nimemwondoa, hata awe rafiki yangu.

Siko kichwa ngumu kiasi mnachodhani. Shirika likisema linalipa miaka mitatu kwa mkupuo, akaunti iwe kwa barua pepe ya kikundi, paswedi ijulikane na watu watatu wa jamii tofauti, na jaribio la kuzima lifanyike ndani ya zile siku 30 ambazo wanarudisha pesa, nitanyamaza na nitaiweka mimi mwenyewe. Nimeshaandika hivyo kwa afisa anayehusika, kwa heshima, wiki iliyopita. Bado hajajibu, labda yuko likizo.

Jumamosi saa nne asubuhi tunakutana pale pa kawaida. Nitakuja na nakala ya tovuti kwenye kompyuta, na Polylang ikiwa imeshawekwa na kurasa kumi za Kirundi na Kiarabu. Anayetaka WPML aje na ombi lake la maandishi likionyesha nani analipa mwaka wa pili. Watafsiri wote sita mje, na wa Kisomali pia kama yupo, maana mwezi wa tatu huu wanaomba lugha yao na hatujawapa jibu. Mwenye flashi yenye nafasi ya giga nne aje nayo, kabla ya kubishana tunataka kila block iwe na nakala moja ya tovuti nzima.